Homoni za kukoma hedhi: hofu ya 2002 ilihusu kidonge kipi?

Julai 2002 watafiti wa Marekani walisimamisha kabla ya wakati jaribio la WHI (Women's Health Initiative, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake), lililokuwa na wanawake zaidi ya 16,000. Waliomeza homoni ya estrojeni pamoja na projestini (dawa inayoiga homoni ya projesteroni) walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tangu hapo, ukitaja homoni kwa mama anayelowa jasho usiku, atakujibu: "Si zile za saratani?"

Hofu hiyo ina msingi. Katika kila wanawake 10,000, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanane hivi kwa mwaka. Ni wachache, ingawa aliye miongoni mwa wanane hao hafarijiki kwa hesabu. Lakini wastani wa umri wa wanawake wa jaribio hilo ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Kidonge chenyewe kilikuwa na estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba (sidhani wanunuzi wengi huambiwa), ikichanganywa na projestini ya maabara. Mama wa miaka 51 anayepewa leo plasta ya estrojeni ya kubandika kwenye ngozi hayumo katika hadithi hiyo.

Estrojeni ya kubandika au kupaka huingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini, ambako kidonge huchochea damu kuganda. Kwa mwenye uzito mkubwa, tofauti hiyo ni nzito. Mwenye kizazi lazima aongezewe projesteroni. Bila hiyo ukuta wa kizazi hunenepa na unaweza kuzaa saratani. Aliyetolewa kizazi haihitaji.

Hata hivyo, wanaoziuza homoni kama dawa ya ujana wananiudhi. Zinatuliza joto la ghafla na kulinda mifupa, basi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo kwa kawaida hashauriwi kuzitumia. Anayesumbuliwa na ukavu ukeni tu, krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo humtosha.

Mimi ningeanza na plasta au jeli, pamoja na projesteroni ya kumeza usiku, maana huleta usingizi. Zikikosekana dukani, kidonge cha dozi ndogo bado si kosa kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, mradi presha imepimwa na matiti yamekaguliwa kwanza.