D+ ya Haywire, na ukimya uliowachanganya watu

"Yaya, hii filamu imeharibika. Wakipigana, muziki unakatika." Kijana mmoja wa Katuba aliniambia hivyo akinirudishia flashi yenye Haywire, ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaijua kwa jina la Kifaransa, Piégée.

Haikuharibika. Mwongozaji Steven Soderbergh aliuondoa muziki makusudi. Gina Carano alikuwa mpiganaji wa kweli wa ulingoni kabla ya kuigiza, na anapomenyana na Michael Fassbender katika chumba cha hoteli mjini Dublin, tunasikia pumzi, vitu vikivunjika, miili ikigonga ukuta. Basi.

Lalamiko la kijana yule linafanana na hasira za Marekani mwaka 2012. Wakosoaji wengi waliisifu filamu hii ya kijasusi; watazamaji wakaipa D+, alama ya chini kwenye mizani ya A+ hadi F. Alama hiyo inaniudhi mpaka leo, kwa jinsi watu wanavyoitaja kama hukumu ya ubora. CinemaScore, kampuni inayokusanya alama hizo, huwauliza watazamaji wa siku ya kwanza, wale waliovutwa na tangazo. Mtu aliyeahidiwa bukari na sombe akaletewa wali, atanuna hata wali ukiwa mtamu. D+ inapima mnuno huo. Haisemi lolote kuhusu pigo lilivyopigwa, wala kamera ilisimama wapi.

Watazamaji hao wana hoja, lakini. Hadithi inaruka mbele na nyuma. Ukikosa jina moja umepotea. Carano alionekana mkavu katika kusema, na sauti yake ilibadilishwa baada ya upigaji picha. Ila sisi tunaoitazama kwa Kifaransa hatuisikii sauti yake kabisa. Tunabaki na mwili wake: anavyokimbia juu ya mapaa ya Dublin, anavyochoka. Hapo ndipo uigizaji wake ulipo, na ni mzuri sana.

Iligharimu dola milioni 23 hivi. Skyfall, filamu ya James Bond ya mwaka huohuo, ilikula karibu milioni 200. Soderbergh alishika kamera na kuhariri mwenyewe, kwa majina ya bandia. Vijana wetu wanaopiga filamu za mapigano kwa simu hawataziona hizo milioni 23, lakini kilichoibeba Haywire wanakiweza: kurudisha kamera nyuma, kuliacha pigo lionekane lote bila kulikatakata, na kuvumilia ukimya.

Nilimwomba kijana yule airudie sehemu ya hoteli tu, sauti ikiwa juu. Aliichukua tena flashi.