Mafuvu yetu Berlin hayasubiri kiyoyozi

Huku Ujerumani, kurudishwa kwa mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yaliyoletwa huku enzi za ukoloni kukizungumzwa, hoja moja haikosekani: je, kwenu mna pa kuyahifadhi? Inasemwa kwa upole, lakini inawarudisha nyuma hata ndugu zetu nyumbani. Tunaoishi huku tuijibu kwa kina.

Utunzaji wenyewe si siri. Kila fuvu hukaa kwenye boksi lake la kadi isiyo na asidi, juu ya pete ya sponji ili lisibingirike. Hubebwa kwa mikono miwili yenye glavu. Vidole haviingizwi kwenye matundu ya macho, kwani mfupa wa ndani ni mwembamba na huvunjika upesi. Taya hufungwa peke yake, maana likiachwa chini ya fuvu meno hugongana na kumeguka. Jino lililong'oka hutiwa kwenye kifuko chenye namba ileile. Unyevunyevu wa hewa ni karibu asilimia 50: ukipita 65 kuvu hunyemelea, na ukipanda na kushuka kila mara meno hupata nyufa.

Masharti haya yote ni ya mfupa utakaokaa rafuni miaka na miaka. Marehemu anayerudi kuzikwa hahitaji kiyoyozi.

Kinachohitaji kulindwa kuliko boksi ni maandishi. Mwaka 2011 Taasisi ya Urithi wa Prussia ya Berlin ilipokea kutoka hospitali ya Charité mkusanyo wa maelfu ya mafuvu, ukiwa katika hali mbaya. Baadaye watafiti walichunguza 1,135 ya lililokuwa koloni la Kijerumani Afrika Mashariki: zaidi ya 900 ni ya Rwanda, mengine mengi Tanzania, machache Kenya. Katika kazi ya namna hii, wino ulioandikwa juu ya mfupa ni ushahidi sawa na daftari. Ndiyo maana fuvu husafishwa kwa brashi laini, si kuoshwa: maji yakifuta jina la kijiji, hakuna kipimo kitakacholirudisha kwa uhakika.

Maandishi hayo ndiyo yaliyoelekeza vipimo vya vinasaba. Mwaka 2023 mafuvu matatu yalihusishwa na koo zilizo hai Kilimanjaro, mojawapo likiwa la akida, yaani mshauri, wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Moshi. La Mangi mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, halikupatikana. Vipimo hivyo vina gharama: sampuli hukatwa kwenye jino au kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani, na sehemu hiyo hairudi. Familia iulizwe kabla, kwa Kiswahili, na ikabidhiwe unga wa mfupa uliobaki kwenye sampuli uzikwe pamoja na marehemu.

Hatari ambayo nyumbani haizungumzwi vya kutosha ni sumu. Makumbusho za zamani zilipaka aseniki na zebaki kuzuia wadudu. Haionekani kwa macho, na sisi maiti yetu tunaishika, tunaiosha, tunaikumbatia. Kabla ya jeneza kufungwa Berlin, fuvu lipimwe kwa mashine ya miali ya eksirei, ambayo haikati kitu, na majibu yaandikwe yasomeke na wazee.

Sisi nasi tuna la kuamua. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles mwaka 1919 na likarudi 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya ndugu. Leo limo ndani ya kioo katika makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa. Wahehe wana haki ya kuamua hivyo, ila isichukuliwe kuwa kila fuvu linalorudi lazima liende kwenye kioo. Wengi wa waliomo Berlin hawakuwa machifu, na huenda jina lao halitajulikana kamwe. Hao waandaliwe kaburi katika wilaya iliyoandikwa kwenye lebo, na nakala ya lebo, picha za wino na majibu ya sumu vibaki kwenye ofisi ya wilaya hiyo.