Simu imeshaonyeshwa, jalada bado limefungwa

Kampuni haiwezi kuuza simu Marekani bila kibali cha FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo. Kwenye jalada la maombi huingia vipimo vya mawimbi, picha za nje na za ndani, kitabu cha maelezo na mchoro wa sakiti. Kibali kikitoka, jalada linawekwa kwenye intaneti, isipokuwa kile ambacho kampuni imeomba kifichwe. Hapo kwenye kufichwa ndipo nina neno.

Siri ya muda naielewa. Januari 2007 Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza, na simu yenyewe ikaingia madukani Juni. Alisema kibali bado, na kwamba waliona afadhali waitangaze wenyewe kuliko kuiacha FCC iwatangazie. Alikuwa na haki. Kanuni nazo zinawalinda watu wa namna hiyo: picha na kitabu vinaweza kufichwa hadi siku 180, na bidhaa ikianza kuuzwa kabla ya hapo, siri inaisha.

Kinachonikera ni kampuni kuipamba simu jukwaani, kuwagawia waandishi picha za kila upande, kutaja bei, hata kupokea oda (tangu 2021 FCC inaruhusu oda kabla ya kibali), huku ikiiambia tume kwamba picha zilezile zikionekana washindani watafaidika. Washindani wana pesa. Siku ya kwanza sokoni wananunua simu na kuifungua mpaka skrubu ya mwisho. Anayenyimwa ni yule asiyeweza kununua simu mpya ili aone tu tumbo lake.

Huyo yuko hapa Lubumbashi, Kongo. Kwenye meza za mafundi wa komini ya Kenya (sehemu ya jiji letu, si nchi ya Kenya) zinafika simu zilizokwisha kutumika nchi za mbali, bila kitabu, bila wakala wa kumuuliza. Fundi anayejua kutafuta kwa namba ya FCC, iliyoandikwa mgongoni mwa simu au ndani ya mipangilio, anaweza kukuta picha za ndani: betri imekaa wapi, waya wa antena unapita wapi, kipi kifunguliwe kwanza. Picha hizo zinaokoa vioo na bodi. Lakini mchoro wa sakiti, ambao ndio ungemwonyesha umeme umekatika wapi, kampuni huomba ufichwe bila kikomo, na kwa kawaida hukubaliwa. Basi mafundi wanatumiana michoro iliyovuja kwenye WhatsApp, mingine ya modeli nyingine kabisa, na mwenye simu ndiye anayelipia kosa.

Na kobalti iliyo ndani ya betri nyingi za simu hizo imechimbwa katika ardhi hii, kutoka kwetu hadi Kolwezi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Sioni kwa nini mtoto wa ardhi hii afichwe jinsi simu ilivyoungwa miaka kumi baada ya kuonyeshwa kwa mbwembwe.

Kampuni ikishaionyesha bidhaa yake hadharani, siri ya picha iishe siku hiyohiyo. Ikiacha kuitengenezea vipuri, mchoro nao utolewe. Na ARPTC, inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano nchini kwetu, idai picha za ndani na mchoro wa kila modeli inayoingia kihalali, iviweke mahali ambapo fundi wa Kenya au Katuba atavifungua kwa simu yake mwenyewe, bila barua wala safari ya Kinshasa.