FreeBSD kwenye Seva, Linux Mezani

Ukiuliza kwa nini mtu aweke FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix, wakati Linux imejaa kila mahali, jibu la haraka huwa ni leseni. Kwa makampuni hilo ni kweli: Sony ilijenga mfumo wa PlayStation 4 juu ya FreeBSD bila kulazimika kutoa msimbo wake. Fundi anayetunza seva mbili tatu ana sababu nyingine, nayo ni namna mfumo wenyewe ulivyofumwa.

Linux kwa hakika ni kiini tu (kernel), yaani sehemu inayosimamia vifaa vya kompyuta. Amri za msingi hutoka kwingine, kianzishi (programu inayoamsha huduma) kwingine, na watengenezaji wa distro, yaani mifumo kamili kama Debian na Ubuntu, ndio wanaoviunganisha. FreeBSD hutoa kiini, amri, zana za mtandao na kurasa za maelekezo kutoka hazina moja ya msimbo. Programu za nje huwekwa kando, chini ya /usr/local. Kwenye matoleo ya 14 unaweza kufuta vifurushi vyote kwa pkg delete -a, na mashine bado itawaka na kukupokea kwa SSH, yaani ukiingia kutoka mbali. Jaribu hivyo kwenye Debian uone kitakachobaki.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaosimamia diski zako kama hifadhi moja (pool). Leseni yake haipatani na ile ya Linux, kwa hiyo haimo ndani ya kiini cha Linux. Ubuntu huileta ikiwa tayari, lakini distro nyingi huijenga upya kila kiini kinapobadilika. Kiini kikisasishwa kabla ya ZFS kujengwa upya, moduli yake hugoma na diski za data hazionekani baada ya kuwasha upya. Kwenye FreeBSD imo ndani tangu usakinishaji, na ndiyo inayofanya kupandisha toleo kusiogopeshe. Kwanza tengeneza nakala ya mfumo kwa bectl create kabla ("kabla" ni jina la nakala hiyo). Kisha freebsd-update -r 14.3-RELEASE upgrade, halafu freebsd-update install, washa upya, rudia install. Mambo yakiharibika, chagua "kabla" kwenye menyu ya kuwashia na umerudi ulikokuwa.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi. Baada ya kupandisha, zpool status hukuambia kuna vipengele vipya vya hifadhi ya ZFS, na mtu hukimbilia zpool upgrade. Kama hujasasisha kwanza kipakiaji cha kuwashia, kinaweza kushindwa kuisoma hifadhi, na mashine haiwaki. Isitoshe, ile nakala ya zamani huenda isiweze tena kuifungua hifadhi hiyo. Subiri wiki kadhaa. Na kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 au 4, weka kikomo cha kache kwa vfs.zfs.arc_max ndani ya /boot/loader.conf, la sivyo kache ya ZFS itabanana na hifadhidata yako.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa FreeBSD huupitia juu juu. Docker, zana ya kuendesha programu zilizofungashwa kama picha (image), haiendeshwi moja kwa moja kwenye FreeBSD. Jela za FreeBSD (jails), zinazotenga programu kwa namna inayofanana, zipo tangu mwaka 2000 na ni imara, lakini timu inayopokea programu zake kama picha za Docker mara nyingi italazimika kuendesha Linux ndani ya bhyve, zana ya FreeBSD ya mashine pepe, yaani kutunza mifumo miwili. Anayehitaji CUDA, zana ya NVIDIA ya kukokotoa kwa kadi ya michoro, abaki Linux. Kompyuta mpakato ni bahati nasibu ya Wi-Fi: kagua jina la chipu kabla ya kununua.

Kuna pia suala la muda. Toleo dogo la FreeBSD huacha kupata masasisho ya usalama takriban miezi mitatu baada ya linalofuata kutoka, ilhali Ubuntu LTS (toleo la msaada wa muda mrefu) hukaa miaka mitano. Asiye na nafasi ya kupandisha toleo mara kwa mara asiiweke FreeBSD, hata kama ZFS inamvutia. Kwa seva ya mafaili au ya nakala rudufu, yenye kazi ileile miaka nenda miaka rudi na mtu wa kuiangalia, ningeichagua FreeBSD kabla ya Linux yoyote.