Ukatoliki wa Chuo Uko Dirishani kwa Mhasibu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakishatoka, nje ya kanisa huwekwa meza ya chuo kikuu cha Kikatoliki. Misa ya pili ikiisha, watu wanakabidhiwa kipeperushi cha karatasi ya kung'aa: binti anatabasamu na kitabu kifuani, nyuma yake kikanisa cha vioo vya rangi, chini maneno matamu kuhusu malezi ya akili na roho. Karo imeandikwa ya muhula mmoja. Wa kwanza, bila shaka. Mama wa Barani, hapa Malindi, anauliza swali la haki kabisa, "Hiki ni chuo kizuri?", na anajibiwa, "Mama, ni cha Kanisa."

Ati ni cha Kanisa. Basi, mjadala umefungwa.

Jina peke yake halimsomeshi mtu. Kanuni ya 808 ya sheria ya Kanisa inasema chuo kikuu hakiwezi kujiita Katoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, na ni vyema iwe hivyo. Lakini Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, hakina neno hilo jinani, na malezi yake ya kiroho yamekabidhiwa Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki. Jina linakwambia nani alitoa ruhusa. Halikwambii mtoto wa mvuvi atafanywa nini wiki ya mtihani.

Na hapo ndipo penye kipimo changu. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa hati ya Ex Corde Ecclesiae, ambayo ndiyo katiba ya vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote. Wasemaji wa vyuo wanaipenda sana kwenye hotuba za mahafali. Kifungu cha 34 hawakisomi kwa sauti. Kinataka chuo kisaidie kuifikisha elimu ya juu kwa kila anayeweza kufaidika nayo, hasa maskini na wale ambao kwa desturi wamenyimwa. Kikatekeleze wapi? Si kwenye kikanisa cha vioo. Ni kwenye dirisha la karo, mhasibu akiwa ndani na mwanafunzi nje ameshika risiti.

Tuhesabu pesa za Malindi zinavyokuja. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Bahari inachafuka, madau madogo yanakaa pwani, na mahoteli mengi hulala tangu baada ya Pasaka. Korosho na maembe ni za Novemba kuelekea Februari. Sasa muhula wa kwanza wa vyuo vingi unafunguliwa mwisho wa Agosti au Septemba, na karo inadaiwa papo hapo. Yaani tunadaiwa wakati mfuko umekauka kuliko mwezi wowote. Desemba, pesa zinapoanza kuonekana, mtihani unafanywa au umekwisha. Chuo kinachodai karo yote kufikia wiki ya nne kimeshawafungia watu wa Pwani mlango kabla hawajakosea chochote.

Ikipungua kidogo, mambo huenda hivi. Tuseme karo ni 75,000 na familia imelipa 60,000. Binti anasajiliwa masomo sita, anahudhuria, anafanya kazi zote za darasani. Wiki ya kumi na nne anaenda kuchukua kadi ya mtihani, kompyuta inaonyesha deni la 15,000, kadi haitoki. Hakufanya mtihani, kwa hiyo hana alama. Muhula ujao anadaiwa 75,000 mpya na zile 15,000, na masomo sita anayarudia. Kama kila somo la kurudia ni 10,000, deni la 15,000 limezaa hasara ya 60,000 na nusu mwaka umekwenda na maji. Baada ya hapo wengi huacha kimya kimya. Chuo kinaandika "ameahirisha masomo".

Jumuiya ndogondogo zetu za Kikristo zina moyo, hilo nalijua. Zitachanga, watu watatoa mbuzi apigwe mnada, na mtoto atapanda basi la usiku kwenda Nairobi na shuka mpya. Lakini jumuiya huchanga mara moja. Mihula ni minane.

Kwa hiyo pale mezani, usiulize ukubwa wa maktaba. Omba karatasi ya karo ya miaka yote minne, si ya muhula mmoja. Ongeza juu yake usajili, mtihani, matibabu, kitambulisho, chama cha wanafunzi, usimamizi wa mafunzo kazini na ada ya mahafali, maana hizo ndogondogo ndizo hupasua bajeti. Uliza ni asilimia ngapi inatakiwa kwa usajili, kwa majaribio ya katikati ya muhula, na kwa kadi ya mtihani. Uliza kama mzazi anaweza kutia saini mpango wa kulipa kila mwezi, na nani anausaini upande wa chuo. Ukiambiwa "tutaelewana", ujue hakuna mpango. Utamkuta mhasibu mwingine Novemba, naye hamjaelewana.

Kuna mkopo wa HELB pia, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Sehemu ya karo inakwenda moja kwa moja chuoni, ya kujikimu inaingia kwa mwanafunzi, na mara nyingi zote mbili huchelewa muhula ukiwa umeanza. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni hivyo hivyo: hundi inaandikwa kwa jina la chuo na inafika ikitaka yenyewe. Je, chuo kinakubali barua ya kuonyesha pesa zimeidhinishwa, kitoe kadi huku kikisubiri? Hilo ni swali la dakika moja, na kwangu lina uzito kuliko picha kumi za askofu akikata utepe.

Sikatai kwamba chuo binafsi huishi kwa karo, na mhadhiri asiyelipwa hafundishi. Haya, nimekubali. Lakini anayesema hana namna, aonyeshe kwanza mfuko wa wanafunzi wahitaji una kiasi gani, unaombwa kwa fomu ipi, na mwaka jana umesaidia wangapi. Kama jibu ni "mwone padre", huo si mfuko. Ni huruma ya mtu mmoja, na padre huhamishwa.

Mengine ni ya haraka. Hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. CUEA, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, ina hati ya chuo kikuu kamili tangu 1992, na Tangaza, chuo kingine cha Kikatoliki cha Nairobi, imeipata 2024, lakini hati ya chuo haiponyi kozi isiyotambuliwa na wenye taaluma. Unesi, angalia orodha ya Baraza la Wauguzi. Sheria, Baraza la Elimu ya Sheria, na mtoto awe na C+ pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Ualimu wa sekondari, TSC, tume ya serikali ya walimu, inataka C+ kwa jumla na C+ katika masomo yote mawili atakayofundisha. Mwenye C ya hesabu akisajiliwa ualimu wa hesabu, chuo kitapokea karo yake kwa miaka minne bila kukohoa.

Na majirani zetu Waislamu wa Lamu, ambao pia wanapewa vipeperushi: hati ile ile inaagiza uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe. Ulizeni misa ni hiari au la, masomo ya dini ni mangapi, jiko la bweni hufunguliwa saa ngapi mwezi wa Ramadhani, na kama kuna mhadhara saa saba ya Ijumaa. Chuo chenye imani thabiti hakioni haya kulijibu hilo.

Jumapili ijayo meza itakuwepo tena. Nenda na kalamu, geuza kipeperushi nyuma, mwambie yule kijana mwenye tai aandike asilimia ya kadi ya mtihani, atie saini na namba ya ofisi. Padre akiwa amesimama pale pale.