"Kila saa nane"

Bahasha ya dawa kutoka kemisti moja ya Kisumu imeandikwa kwa kalamu: 1x3. Aliyeandika anamaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nyanya aliyeipokea anaweza kuisoma kuwa kimoja, kwa siku tatu. Akiambiwa kwa mdomo ameze "kila saa nane", atameza saa nane mchana na, kama hajalala, saa nane usiku. Hapo Kiingereza hakijatumika hata neno moja, na dozi imeshaharibika.

Wanaosema Kiswahili kinatosha kuhudumia wagonjwa, bila lugha zao za mama, wana hoja. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hupokea Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wanandi, na daktari aliyetoka Meru hawezi kujifunza lugha zote hizo. Kuajiri wauguzi kwa kufuata lugha ya kijiji nako ni kukaribisha ukabila wodini. Hilo silitaki.

Ila Kiswahili cha kununulia omena soko la Kibuye sicho cha kusomea fomu ya idhini ya upasuaji. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Wengi wetu tunalijua vizuri hilo neno "inapowezekana" na linavyotumika foleni ikifika getini.

Basi huitwa mjukuu, au mfagiaji, atafsiri. Yuko karibu na halipwi. Lakini nyanya gani atamtajia mjukuu wake wa kiume kwamba anatokwa na damu ukeni? Tafsiri nayo ina mitego. Kwa Kijaluo, chuny ni ini, na ndiyo pia nafsi inayohuzunika. Mama akisema "chunya lit", huenda ana majonzi tu; mkalimani wa kuokotwa akisema "ini linamuuma", anatumwa maabara.

Wakalimani waliofunzwa wangefaa, pesa zikipatikana. Kwa sasa mimi ningeanzia dirisha la dawa. "Umeelewa?" haisaidii, maana mtu mzima atajibu ndiyo kwa heshima tu. Aulizwe: "Ukifika nyumbani utameza saa ngapi, na tena saa ngapi?" Dozi ya pili ya dawa ya mseto ya malaria iitwayo AL humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa mbili asubuhi aandikiwe kwenye bahasha, kwa herufi kubwa: SAA KUMI JIONI.