Filimbi za wakali wa Ayalandi: bati la dukani au alumini ya karakana?

Mwaka 1979 mpiga filimbi Mary Bergin alitoa albamu iitwayo Feadóga Stáin, maneno ya Kiairishi yenye maana ya "filimbi za bati". Hadi leo wanaojifunza hupimwa kwayo. Alipuliza Generation, filimbi ya kiwandani yenye bomba la shaba ya manjano au lililopakwa nikeli na kichwa cha plastiki, ambayo bei yake bado ni ya mlo mmoja wa mchana mjini Dublin. Upande wa pili yuko mpiga filimbi mwenzake, Davy Spillane. Ile sauti nzito na pana aliyoipuliza katika bendi ya Moving Hearts, kisha katika onyesho la ngoma la Riverdance, ilitoka kwenye Overton, bomba la alumini lililofanyizwa kwa mkono mjini Rugby, Uingereza. Wote wawili ni mabingwa. Anayetaka kununua amfuate nani?

Wanaotetea filimbi ya kiwandani wana hoja kubwa kuliko bei. Bomba lake ni jembamba, takriban milimita 12 kwa ndani, na hewa kidogo inatosha kuliamsha. Noti huitikia ulimi papo hapo, na kupanda oktavu ya pili (noti zile zile kwa sauti ya juu zaidi) ni kuongeza pumzi kidogo tu. Bergin hukata noti kwa ulimi katikati ya rili, wimbo wa ngoma wa Kiairishi, inayokwenda mbio, na kwa mtindo huo wepesi ndio kila kitu. Micho Russell wa Doolin, jimbo la Clare (1915–1994), alikuwa kinyume chake kabisa: taratibu, kwa nafasi, hewa ikisikika ndani ya sauti. Naye pia filimbi zake zilikuwa za dukani. Hata Afrika Kusini, kwela, muziki wa mitaani wa miaka ya 1950 wa kina Spokes Mashiyane, ilijengwa juu ya filimbi za kiwandani, wakizipulizia upande huku kichwa cha filimbi kimeingia ndani ya shavu ili sauti inenepe. Chombo ni cha jamaa moja, matokeo hayafanani hata kidogo, na tofauti yote imo kinywani mwa mpigaji.

Lakini hapo ndipo mnunuzi anapojikwaa. Kusema "Bergin alipuliza Generation" si sawa na kusema Generation yoyote itafaa. Vichwa vya plastiki hutoka kwenye kalibu, na ubora wake hupanda na kushuka: hiki kina kipele kwenye makali yanayokata hewa, kile kina shimo tupu chini ya njia ya pumzi linalofanya noti za juu zipige kelele. Wazoefu walijaribu nyingi na kubaki na moja. Wengi wao hushikilia kwamba zile za zamani zilikuwa bora kuliko za sasa, na ingawa mapenzi ya vitu vya kale yamechangia, dai hilo halitoki hewani, maana kalibu nazo huchakaa na kubadilishwa. Basi jina la filimbi ya bingwa linakupa chapa tu. Ile iliyochaguliwa huipati.

Cha kumwiga bingwa ni jinsi anavyoijaribu filimbi. Puliza noti ya D, ya chini kuliko zote, kwa pumzi laini: ikiruka yenyewe kwenda oktavu ya juu, iache. Panda hadi B ya oktavu ya pili, na ikikulazimu kusukuma pumzi kwa nguvu ndipo itoke, kwenye kasi itakuangusha. Linganisha kila noti ya chini na mwenzake wa juu kwa kipima sauti cha simu. Mwisho jaribu C ya kawaida kwa kufunga tundu la pili na la tatu huku la kwanza likiwa wazi. Nyingi hupotea hapo, ama zinakuwa juu kidogo ama sauti inafifia.

Yenye kasoro ndogo hurekebishika nyumbani. Kichwa kilichoshikwa na gundi hulegea kikiloweshwa kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, kisha kizungushe bila kukivuta. Usichemshe, plastiki itapinda. Kichwa kikiweza kuteleza, kukivuta nje hushusha sauti na kukisukuma ndani huipandisha. Kikicheza, mzingo mmoja wa tepu nyeupe ya mafundi bomba unatosha. Shimo lililo chini ya njia ya pumzi lijaze puti laini ya kubandikia karatasi ukutani, kiasi cha punje ya njegere, uisawazishe na sakafu ya njia hiyo. Ikipita juu hata kidogo inakata hewa na noti za chini zinakufa. Makali ya plastiki yaguse kwa msasa laini mno, mara mbili tatu, ukisikiliza kila mara, kwa sababu kilichosagwa hakirudi.

Sasa upande wa karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanamuziki wa Ayalandi Finbar Furey alikuwa amevunjikiwa na filimbi yake ya mianzi kutoka India, akamwendea fundi Bernard Overton, nayo filimbi ndefu ya alumini ikazaliwa. Filimbi hiyo, iitwayo D ya chini, ina urefu wa karibu sentimita 60, mara mbili ya filimbi ndogo ya D, na wakati huo hakukuwa na kiwanda kilichoitengeneza. Kwa hiyo Spillane hakukataa bati la bei chee; kwa sauti aliyoitaka bati hilo halikuwepo. Orodha za filimbi za mabingwa zinazowapanga Bergin na Spillane pamoja zinachanganya vyombo viwili vyenye kazi mbili, na ubishi mwingi huzaliwa papo hapo.

Hata kwa filimbi ndogo, karakana ina faida ya kweli jukwaani. Filimbi ya fundi kama Michael Burke wa Marekani ina kichwa kinachoteleza ili kupatanisha sauti na akodioni, oktavu zake mbili zinakaribiana kwa nguvu, na ukiivunja leo unaagiza ya aina hiyo hiyo kesho. Mbele ya maikrofoni, kelele ya hewa ya Generation isiyosikika baani inajaa ukumbi mzima. Gharama ya filimbi hiyo ya fundi inazidi dola 200, na si fedha tu. Nyingi zinadai pumzi thabiti zaidi. Colin Goldie, aliyerithi kazi ya Overton, hutengeneza vichwa vya ukinzani (jinsi filimbi inavyoipinga pumzi) laini, wa kati na mgumu, hivyo ukiagiza "Goldie kama ya fulani" bila kutaja ukinzani unaweza kuletewa chombo kitakachokupinga kila siku.

Chuma nacho hunyonya joto. Kichwa kizima cha alumini kikiwa baridi hugeuza mvuke wa pumzi kuwa maji haraka kuliko plastiki, na tone likikaa kwenye njia ya hewa sauti inaziba katikati ya wimbo. Ikumbatie kwapani dakika kadhaa kabla ya kupiga. Tatizo likizidi, pitisha maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwenye njia hiyo na uiache ikauke bila kusuuza. Maji yatatandaa badala ya kukusanyika.

Kwa anayeanza, D ndogo ya kiwandani iliyojaribiwa na kurekebishwa inatosha kwa miaka. Jina kubwa halibadilishi hilo. Filimbi ya Clarke, inayotokana na ile ya Robert Clarke wa mwaka 1843, yenye bati lililokunjwa na kizibo cha mbao, ni tamu lakini inakula pumzi. Hakikisha ni ya D, kwa sababu ya C haitaingia kwenye nyimbo zinazopigwa baani. Ukivutwa na sauti ya Spillane, usikimbilie filimbi ya D ya chini ikiwa vidole ni vifupi: matundu yake hufunikwa kwa sehemu bapa ya vidole kama wapiga zumari za mifuko wanavyofanya, si kwa ncha, na filimbi ya G ya chini hufundisha mkao huo bila kuumiza kiganja.